Muislamu na Kazi ya Kulinda Mitandao
(Muhadhara uliotolewa msikitini Lutindi, Korogwe, baada ya swala ya Ijumaa)

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote walioufuata mwenendo wao hadi siku ya malipo. Ama baad.



Maudhui ya leo yametokana na swali. Mwalimu mwenzetu wa madrasa, mwenye umri wa miaka 33, mke na watoto watatu, alitujia baada ya swala ya Alfajiri akatuuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, je, inajuzu kwake kuacha kutegemea posho ya madrasa akajifunza kazi ya kulinda kompyuta na mitandao dhidi ya wezi? La pili, ikiwa inajuzu, je, wakati haujampita? Alituambia kwamba baadhi ya wazee wamekwisha mwambia kuwa hiyo ni kazi ya watoto wa mjini, na kwamba mwalimu wa Qur'an akishika kompyuta ameitupa akhera. Tulimwomba atupe muda. Jibu letu ni haya tutakayoyasema leo, na tumeona ni bora jamaa yote iyasikie, kwa kuwa swali hili si la mtu mmoja.

Hata hivyo, hatuna budi kutanguliza aibu yetu wenyewe.

Mwaka 2023, tulipokuwa tukichangisha fedha za mabati ya madrasa, tulipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, aliyeanza kwa salamu ndefu na kututaja kwa jina. Alisema yuko katika jumuiya inayotaka kutusaidia mabati, na kwamba ili atuingize katika orodha ya wafadhiliwa tungeletewa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, nasi tumsomee. Tukamsomea. Hazikupita dakika kumi, akaunti yetu ya WhatsApp ikawa mikononi mwake, na wazazi wote wa madrasa wakapokea ujumbe kwa jina letu: Ustadhi amekwama Korogwe, gari limeharibika, atumiwe chochote kwa namba hii, atarudisha jioni. Wazazi sita walituma. Jumla ilikuwa shilingi 185,000. Tulizilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, na wala hatuwalaumu walioacha kutuamini kwa muda.

Lakini alikuwapo bibi mmoja, muuza ndizi, asiyejua kusoma. Mjukuu wake alimsomea ujumbe ule. Bibi akasema: huyu Ustadhi aliyekwama Korogwe, mbona nimemsikia sasa hivi akiadhini Adhuhuri? Akamtuma mtoto aje atazame. Mtoto alitukuta tunatawadha.

Ndugu zangu, tumesoma miaka mingi kwa lugha ya Kiarabu, na katika masomo hayo tulifundishwa elimu ya hadithi: namna maulamaa walivyoipima sanadi, wakamchunguza kila mpokezi, kisha wakaitazama matini isije ikapingana na lililothibiti. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakiki habari anapotujia nayo mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Hayo yote tuliyajua, na tunayasomesha. Siku ile, aliyeyafanya kwa vitendo ni yule bibi. Alilinganisha habari na jambo alilolijua kwa yakini, kisha akatafuta njia ya pili ya kuithibitisha, njia isiyopita mikononi mwa mleta habari. Sisi tulikuwa na elimu kichwani, yeye alikuwa nayo mkononi.

Tofauti hiyo ndiyo jibu la swali la mwalimu mwenzetu.

Kuhusu kujuzu kwake

Ama kuhusu kujuzu, hatutarefusha. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliyahesabu utabibu, hesabu, kilimo na ufumaji kuwa ni katika fardhi kifaya, mambo ambayo mji mzima hupata dhambi ukikosa mtu wa kuyasimamia. Akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu Muislamu ilhali watu wanasongamana katika fiqhi. Leo zaka zetu, mishahara, karo za watoto na akiba za vikundi vya kina mama hupita katika simu. Malipo ya fedha kwa simu ya M-Pesa yalianza nchini mwetu mwaka 2008, na tangu hapo mwizi hahitaji kupanda mlima kuja Lutindi. Nani basi atayalinda haya? Huu mgawanyo wa elimu ya dini na elimu ya dunia umetugharimu sana, na si mara ya kwanza kulisema hilo katika kurasa hizi.

Wala fani yenyewe si ngeni kwetu. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu aliyefariki karne ya tatu Hijria, aliandika risala juu ya kufichua maandishi ya siri. Nakala yake ilihifadhiwa Istanbul, na maandishi yake yakachapishwa Damascus mwaka 1987. Njia yake ni nyepesi kueleza. Kila lugha ina herufi zinazojirudia zaidi kuliko nyingine. Katika Kiarabu alif na lam zimetangulia. Basi chukua maandishi ya kawaida ya lugha hiyo, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha hesabu alama za maandishi ya siri. Alama inayojirudia zaidi, ijaribu kuwa ndiyo herufi inayojirudia zaidi. Kwa Kiswahili mtaona kuwa herufi a inaziacha nyingine kwa mbali. Kwa kazi hii huhitaji umeme. Karatasi na kalamu ya risasi vinatosha, na kijana wa darasa la sita anaiweza. Tumeijaribu na wanafunzi wetu wakaingia usiku bila kukumbuka kula.

Namna ya kujifunza

Sasa tuingie katika lile la pili, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi wanapopotea.

Nani kati yetu aliyejifunza makhraji ya dhwadi kwa kusoma kitabu cha tajwidi peke yake? Hakuna. Unakaa mbele ya sheikh, unasoma, anakurudisha, unasoma tena, anakurudisha, mpaka ulimi unyooke. Kulinda mitandao ni vivyo hivyo. Tunawaona vijana wakitazama video za mafunzo usiku kucha, na wakiulizwa wanajua kila jina. Wakipewa kompyuta hawajui waanzie wapi. Mtu hajifunzi kuogelea Mto Pangani kwa kukaa darajani.

Hapa petu kuna mfano wa karibu zaidi, ingawa watu wa mbali wakisikia jina la Lutindi husema neno la mzaha. Mahali hapa palianza mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 pakawa hospitali ya magonjwa ya akili. Wagonjwa wale hupewa kazi za mikono pamoja na dawa, na wengi wetu tumewaona wakirejea kwenye fahamu zao huku wanasuka na kulima. Si watu wa dini yetu walioianzisha, lakini haki isemwe: wamelijua jambo ambalo wengi wa walimu wetu wamelisahau.

Basi mwalimu mwenzetu tunamwambia haya. Tafuta kompyuta mpakato iliyotumika, ile ya bei ndogo inayowashindwa watu kwa uzito wake. Weka ndani yake mfumo wa Linux, ambao hulipiwi hata senti. Uliasisiwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, na sehemu kubwa ya seva za dunia zinauendesha. Jilazimishe kuutumia kwa kuandika amri, si kwa kubonyeza picha. Utaumia mwezi wa kwanza. Kisha jifunze namna kompyuta zinavyozungumza: anwani zake, milango yake, nani anabisha na nani anaitika. Asiyelijua hili hawezi kujua lini mazungumzo yamekwenda kombo, kama vile asiyejua nahau hawezi kusikia kosa la irabu.

Halafu fanya mazoezi. Upo mchezo wa mafunzo uitwao Bandit, umetolewa bure na watu wa OverTheWire. Una ngazi nyingi. Katika kila ngazi limefichwa neno la siri la kufungulia ngazi inayofuata, nawe hulipati ila kwa kujifunza amri mpya. Tumeutaja huu kwanza kwa sababu ni maandishi matupu na haumalizi bando, hivyo mtu anaweza kuufanya hata kwa mtandao wetu huu wa kushikia kilimani. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani nacho kina mashindano ya wanafunzi yaitwayo picoCTF, yaliyoanza mwaka 2013, na mafumbo yake yako wazi kwa yeyote.

Ukishapata nguvu, jenga maabara yako mwenyewe. Inawezekana kuunda kompyuta ya pili ndani ya kompyuta moja, na kuiwekea programu zilizotengenezwa kwa makusudi zikiwa na tundu, kama ile iitwayo DVWA. Ishambulie. Ukifanikiwa kuingia, usishangilie, kwa maana hapo umefanya thuluthi moja tu ya kazi. Fungua kumbukumbu za mashine hiyo usome ni nyayo gani umeziacha. Kisha liziba tundu, urudi ujaribu tena. Mwizi anaishia kwenye thuluthi ya kwanza. Mlinzi analipwa kwa zile mbili zilizobaki.

Na kila siku andika. Daftari la mambo uliyoyafanya, uliyoyakosea, na uliyoyagundua, kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye fundi. Hapa mwalimu wa madrasa ana mtaji ambao kijana wa mjini hana. Amezoea kukaa na jambo moja saa nzima, amezoea kurudia, anajua kumweleza mtoto jambo gumu, na jicho lake limefundishwa kuona nukta iliyokosekana. Msidharau jicho hilo. Februari 2016 wezi waliingia katika mitandao ya Benki Kuu ya Bangladesh wakajaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja. Walichagua usiku wa kuamkia Ijumaa, wakijua kuwa ni siku ya mapumziko nchini humo. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Lakini dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilizuiwa, na kilichowashtua watu wa benki ni neno moja lililoandikwa vibaya kwenye jina la mpokeaji. Kosa la tahajia! Ni nani anayeyashughulikia makosa ya herufi mchana kutwa kama si mwalimu wa chuo?

Ama muda, tusidanganyane. Yako matangazo yanayoahidi kumgeuza mtu kuwa mtaalamu kwa miezi mitatu, na mwisho wake ni cheti chenye rangi ya dhahabu. Kwa mtu mwenye familia, anayepata saa moja baada ya Alfajiri na nyingine baada ya Ishaa, tunakadiria mwaka mmoja na nusu hadi miwili ndipo aweze kuomba kazi bila kuona haya. Mitihani yenye kutambulika duniani ipo, kama ule wa Security+ wa CompTIA, nao mwaka 2024 gharama yake ilikuwa takriban dola 400, yaani shilingi milioni moja hivi. Hatuukatazi. Lakini kuuza ng'ombe ili ulipie mtihani kabla mkono haujazoea kazi ni kununua jukwari kabla ya kujenga mnara. Wala asiiache madrasa wala shamba la chai katika muda huo. Watoto hawali mazoezi.

Idhini

Lipo jambo ambalo tungependa vijana waliopanga migongo kwenye ukuta wa nyuma wasogee walisikie.

Lugha yetu inalo neno kudukiza, nalo ni kutega sikio usikie siri za watu. Na mdukuzi anatoka katika ukoo huo huo wa maneno. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume akiwa na kichanuo cha chuma mkononi. Akamjulisha kuwa lau angejua anachunguliwa angemchoma nacho jichoni, na kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Tazameni: yule mtu hakuiba kitu. Alitazama tu. Na Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, zinatukataza kuingia nyumba za wengine mpaka turuhusiwe. Hata tusipomkuta mtu ndani, hatuingii. Na tukiambiwa turudi, turudi.

Sasa kijana atasema: mimi najifunza tu, nimeijaribu namba ya siri ya jirani nione kama ni dhaifu. Au nimeingia kwenye mfumo wa shule ili niwaonye. Tunamwambia, mlango ulio wazi si idhini. Na asipoiogopa aya aiogope basi sheria ya nchi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inamhukumu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria kwa faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mlinzi wa kweli anayeajiriwa kujaribu mfumo wa mtu hupewa karatasi iliyotiwa saini: aingie wapi, lini, na aishie wapi. Bila karatasi hiyo, ufundi wake na ufundi wa mwizi havitofautiani kwa hakimu, wala kwa mwenye nyumba.

Tunalisisitiza hili kwa sababu shetani anaweza kuja na vazi la dini. Julai 2023, huduma za serikali ya Kenya zitolewazo kwa njia ya eCitizen zilikwamishwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika, likiyavika matendo yake mavazi ya kuitetea dini. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya vijana wawili wa Kisudani, ndugu wa damu, na miongoni mwa waliotajwa kushambuliwa ni hospitali ya Los Angeles, ambako wagonjwa wa dharura ilibidi wapelekwe kwingine. Hukumu ni ya mahakama, si yetu. Lakini tunauliza, ni dini gani inayotetewa kwa kumfungia mgonjwa mlango? Na ufundi uliotumika humo ni ule ule tunaotaka kijana wetu ajifunze. Ndiyo maana tumeiweka idhini katika masomo yenyewe, siyo katika mawaidha ya pembeni.

Kazi yenyewe iko wapi

Hatutawaficha: ajira nyingi ziko Dar es Salaam na Dodoma, na mwajiri humtazama mgeni kwa shaka. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita na sayansi, Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya fani hii. Mwalimu mwenzetu hana njia hiyo, basi aanzie karibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwenye Tume na zizilinde taarifa hizo. Shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, hata madrasa hii yenye majina ya watoto wenu na namba zenu za simu, wote ni walengwa. Wengi hawana mtu wa kuwawekea utaratibu wa maneno ya siri, wa kuhifadhi nakala, wa kumfundisha karani asisome tarakimu sita kwa mtu asiyemjua. Zahanati moja, chama kimoja, kwa idhini iliyoandikwa na kwa ujira mdogo, ndiyo sanadi yake ya kwanza. Atakapokwenda kuomba kazi Tanga au Dar es Salaam atakuwa na watu wa kumtolea ushahidi na daftari la kuonyesha.

Na mabinti zetu wasiachwe nyuma. Kazi hii haihitaji msuli, sehemu yake kubwa hufanyika ukiwa umekaa, na mtu anaweza kuifanya akiwa nyumbani kwake na stara yake. Mzazi anayemzuia bintiye kwa hoja ya dini atuletee dalili.

Mwalimu mwenzetu ameanza. Yuko ngazi ya 11 ya mchezo ule wa Bandit, na amekwama hapo wiki ya pili sasa. Tumemkataza kutafuta majibu ya wengine.

In shaa Allah, kuanzia Jumamosi ijayo baada ya swala ya Alasiri, yeye nasi tutaanza darsa katika chumba cha madrasa. Tunazo kompyuta mbili kuukuu, na moja betri yake haikai. Asiye na kompyuta asibaki nyumbani. Aje na daftari na kalamu ya risasi, kwani somo la kwanza ni kuhesabu herufi. Wanawake watakaa upande wao kama ilivyo desturi. Yule bibi muuza ndizi tumemwomba aje siku hiyo awasimulie alivyofanya, naye amekubali, kwa sharti kwamba amalizwe mapema awahi mnada.

Wabillahi tawfiiq.